Santuri ya Wazo Moja na Ukumbi wa Kimara

Katika miaka ya 1980 mtu aliyetoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akaipita Ubungo, alianza kupanda vilima. Huko Kimara, mahali ambapo mji ulikuwa bado haujaamua kama ni mji au shamba, mfanyabiashara Hugo Kisima alikuwa na baa iliyoitwa Safari Resort, na alikuwa na bendi iliyoitwa Orchestra Safari Sound. Watu walipanda vilima hivyo usiku kwenda kusikiliza. Neno hili, kusikiliza, limetumiwa kwa makusudi. Yapo maoni, yaliyoenea hata vyuoni, kwamba muziki wa dansi ni wa miguu. Na kwamba usikivu wa masikio, ule wa mtu aliyekaa kimya akaufuata muziki toka mwanzo hata mwisho kama asomaye kitabu, ni mali ya Ulaya. Maoni hayo hayawezi kupimwa bila kwenda Ulaya kwanza, kuichunguza santuri moja iliyotungwa ili isikilizwe kwa namna hiyo. Msomaji asiione safari hiyo kuwa ndefu mno, kwa maana santuri ile na mji wa Dar es Salaam vilikuja kukutana, tena kwa njia ya deni.

Santuri ya zamani, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua muziki wa dakika tatu au nne tu kila upande. Mtunzi alijifunza kukata nguo yake kwa kipimo hicho. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu, ambayo upande wake mmoja ulichukua dakika ishirini na zaidi. Kwa muda mrefu wanamuziki wa vijana waliitumia kama kapu la kukusanyia nyimbo zao fupi. Katika miaka ya 1960 baadhi yao, hasa Uingereza, wakaanza kujiuliza kama kapu lenyewe halingeweza kuwa kitu kimoja: nyimbo zote zishikwe na wazo moja, au na hadithi moja, na mpangilio wake uwe sehemu ya maana. The Who walitoa Tommy mwaka 1969, hadithi ya mtoto asiyeona, asiyesikia wala kusema. Wakati ule ule ilikuwa ikikua aina ya roki iliyoitwa progresivu, yenye nyimbo ndefu, vinanda vingi, na mapigo yanayobadilika njiani. Albamu ya wazo moja ikawa ndiyo kilele cha matamanio ya aina hiyo.

Kundi la Genesis lilitoa albamu yake, The Lamb Lies Down on Broadway, Novemba 1974. Zilikuwa santuri mbili ndani ya jalada moja, pande nne, vipande 23, dakika zaidi ya tisini. Maneno karibu yote aliyatunga mwimbaji wao, Peter Gabriel, na muziki kwa kiasi kikubwa ukatungwa na wenzake wanne: Tony Banks wa vinanda, Mike Rutherford wa besi, Steve Hackett wa gitaa na Phil Collins wa ngoma. Hadithi yamhusu Rael, kijana wa asili ya Puerto Rico anayezurura katika mitaa ya New York. Ukuta wa vumbi unamjia pale Broadway, unammeza, naye anajikuta chini ya ardhi katika nchi ya mapango, vizimba, vyumba vyenye milango mingi na viumbe wa kuogofya. Mara kwa mara anamwona ndugu yake John, anamwita, na John anampa kisogo.

Albamu hii yaanza na kinanda peke yake. Mikono ya Banks yakimbizana juu ya funguo, noti zamiminika kama mvua juu ya mabati, kisha sauti nyingine zaingia na wimbo wa mji unaoamka waimbwa kwa nguvu. Huo ndio wimbo wa nyumbani kwa Rael. Baada yake msikilizaji anachukuliwa mbali, na kwa muda wa saa nzima na zaidi hausikii tena. Hata katika upande wa nne, Rael amefika kwenye korongo la mto, na katika jabali juu yake anaona tundu kama dirisha: ndani yake mnaonekana mitaa yake mwenyewe. Njia ya kurudi iko wazi. Hapo hapo anasikia kilio, na chini katika maji ya kasi anamwona John akizama. Na hapo hapo wimbo wa kwanza warudi, mwendo wake umepunguzwa, jina lake limebadilishwa kidogo: mahali pa mwana-kondoo sasa pana nuru, na nuru hiyo yazimika. Ndani yake pamefumwa pia wimbo mwingine, ule wa viumbe wa kike waliompenda Rael wakafa kwa sababu yake.

Hapo ndipo maana ya usikivu wa makini inapoonekana. Aliyeukumbuka wimbo wa kwanza anavutwa na nyumbani pamoja na Rael, kwa masikio yake mwenyewe, wala hahitaji kuambiwa kwamba uchaguzi ni mgumu. Na aliyeukumbuka ule wa pili anajua nyumbani huko kutafikiwa juu ya maiti za nani. Ambaye hakukumbuka anasikia wimbo mwingine tu katika mfululizo wa nyimbo. Rael anaruka majini, anamwokoa ndugu yake, anamgeuza uso, na uso anaouona ni wake yeye.

Kazi hii ina kasoro, na heshima haitaki zifichwe. Hadithi haieleweki kwa kusikia peke yake. Ilibidi ichapwe kwa nathari ndani ya jalada, na kazi ya sauti inayohitaji karatasi ili ifahamike imeshindwa mahali fulani. Upande wa tatu watangatanga. Katika mahali pengi maneno ni mengi kuliko nafasi yaliyopewa, kama mtu anayejaza gunia la debe mbili kwa debe tatu, jambo ambalo lingetazamiwa pale maneno na muziki vinapotungwa katika vyumba tofauti. Lakini mrejeo ule wa upande wa nne watosha kuonyesha kwamba muda mrefu unaweza kufanya kazi ambayo muda mfupi hauwezi.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hilo. Pwani hii ilikuwa na kazi ndefu za sauti zenye wazo moja kabla ya santuri yoyote. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, una zaidi ya beti 1,100, nao ulikusudiwa kughaniwa, si kusomwa kimya. Tofauti ya ufundi yafaa kuangaliwa. Katika utenzi mahadhi ni yale yale toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, kwa hiyo mahadhi hayawezi kumkumbusha msikilizaji jambo lolote. Kazi ya kukumbusha imepewa kina cha mwisho wa ubeti, ambacho hakibadiliki katika utenzi mzima. Kila ubeti hutoka nyumbani kwa mistari mitatu na kurudi kwa wa nne. Genesis walirudi nyumbani mara moja, baada ya saa nzima. Mshairi wa Pate hurudi zaidi ya mara elfu. Tena utenzi hauhitaji karatasi ya kuueleza: una dibaji ya kumwomba Mungu na kutangaza shabaha, na una tamati. Yule asemaye kwamba masikio ya Waswahili hayakuzoea kazi ndefu anasema asilolijua.

Basi kwa nini Dar es Salaam haikutoa santuri za wazo moja? Jibu halimo katika masikio. Limo katika historia ya vyombo, na bendi ya Kimara ni mfano mzuri wake.

Orchestra Safari Sound ilikuwa na awamu zake. Mpiga gitaa Fred Ndala Kasheba, aliyetoka Kongo na kujulikana kwa gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, aliing'arisha kwa mtindo wa Masantula. Halafu, mwaka 1985, Kisima aliwachukua kwa mpigo wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park Orchestra, wakiwemo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, na mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Gurumo alikuwa mtu wa kuanzisha: alikuwako NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, akawako Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, na sasa alikuwa Kimara. Mashabiki walilizungumza jambo hilo kama vile watu wanavyozungumza talaka. Lakini yafaa kuona kilichohama na kilichobaki. Katika desturi ya bendi za Tanzania magitaa, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe chama, shirika la umma au mtu binafsi kama Kisima. Mwanamuziki aliyehama alikwenda na koo lake na vidole vyake. Nyimbo alizozitunga zilibaki kule alikotoka, zikiendelea kupigwa na wengine chini ya jina la bendi. Mtunzi wa namna hii angewezaje kupanga kazi ya muda mrefu, yenye sehemu zinazokumbushana, wakati hakuwa na hakika kwamba kesho angekuwa na haki ya kuigusa sehemu ya kwanza?

Hata hivyo wimbo wenyewe wa dansi ulikuwa umejengwa kwa msikilizaji. Una nusu mbili. Baada ya magitaa kufungua njia, nusu ya kwanza huenda taratibu: kisa chasimuliwa kwa beti, waimbaji wawili au watatu wakiungana katika kibwagizo, tarumbeta na saksafoni zikijibu mwishoni mwa mstari kama mtu aitikiaye taarifa. Nusu hii watu wengi waliipokea wakiwa wamekaa, au wakicheza kwa utulivu wa kuweza kufuata maneno, maana maneno yalikuwa na mafumbo na kila fumbo lilikuwa na mtu wake mjini. Kisha lafika chemko. Besi yabadilika, gitaa la solo lashika kipande kifupi na kukizungusha, la rithimu na la pili la solo yajipenyeza katika nafasi zilizoachwa, na miguu yapewa haki yake. Mpango huu ni wa busara. Roki ya progresivu ilitaka msikilizaji akae kitini hata mwisho, ikamnyima mwili wake. Dansi lilimwambia asikilize kwanza, acheze baadaye. Na chemko si kitu kilichobandikwa mwishoni. Aliyekifuata kisa anacheza juu ya kisa hicho: majuto ya mume aliyetajwa katika beti bado yamo chumbani wakati gitaa linapozunguka, na furaha ya miguu ina uchungu ndani yake. Asiyesikiliza nusu ya kwanza anacheza vizuri tu, lakini anacheza wimbo mwingine.

Kisha palikuwa na usiku mzima, uliotawaliwa kwa kanuni ile ile katika kipimo kikubwa: mapema nyimbo za kukaa, kisha nyimbo zilizokuwa zikizungumzwa mjini, halafu, usiku ukikomaa, machemko yaliyorefushwa kadiri wachezaji walivyodai. Huo ndio uliokuwa utungo mrefu wa Kimara. Mtunzi wake hakuwa mmoja, wala hakuuandika; ulitungwa na kiongozi wa bendi akiutazama ukumbi.

Vyombo vya kurekodi havikuujua utungo huo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizipokea bendi studioni, ikarekodi nyimbo zao moja moja katika kanda, ikazipiga hewani. Ilikuwa hisani kubwa, na bila kanda hizo sehemu kubwa ya muziki wa miaka ile isingekuwako leo. Lakini kanda ya redio haikuwa santuri ya kununuliwa. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitolewa Nairobi, na mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, usifunguliwe hata 1983. Zaidi ya hayo, santuri zenyewe zilikuwa ndogo, za mizunguko 45. Wimbo wa dakika nane haukuenea upande mmoja, basi ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mara nyingi kisu kilipita karibu na mlango wa chemko. Msikilizaji wa nyumbani aliinuka, akaigeuza santuri, akaketi. Na kwa muda huo mfupi ile kamba kati ya kisa na mchezo ilikuwa imekatika. Santuri iliyowapa Genesis dakika tisini za kujitanua iliwapa wanamuziki wa Dar es Salaam dakika nne, kisha kimya, kisha nne nyingine.

Peter Gabriel aliachana na Genesis mwaka 1975, baada ya kuzunguka na wenzake nchi nyingi wakiipiga albamu ile nzima jukwaani. Masikio yake yakageukia muziki wa Afrika na Asia. Mwaka 1980 alishirikiana na wengine kuanzisha WOMAD, shirika la kukutanisha muziki wa mataifa, na tamasha lao la kwanza likafanyika Shepton Mallet, Uingereza, Julai 1982. Muziki ulikuwa mwingi na hasara ikawa kubwa mno. Ili deni lilipwe, Genesis wa zamani walikubali kukusanyika tena kwa usiku mmoja, tarehe 2 Oktoba 1982, huko Milton Keynes, mvua ikinyesha. Gabriel aliingizwa jukwaani ndani ya jeneza, akatoka, na wimbo wa kwanza walioupiga ulitoka katika albamu ya Rael. Maelfu ya watu walilipa kiingilio ili kusikia vipande vya kazi ile ndefu, na fedha yao ikaliokoa shirika ambalo miaka sita baadaye lingetoa santuri ya bendi kutoka Dar es Salaam. Historia ya muziki haina ushahidi mwingi wa wazi namna hii wa jinsi kazi moja inavyoweza kuigharimia nyingine isiyoijua.

Bendi hiyo haikuwa ya Kimara. Ilikuwa Super Matimila, na kiongozi wake Ramadhani Mtoro Ongala, aliyeitwa Remmy, alikuwa mkazi wa Sinza, karibu na barabara ile ile ya Morogoro. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika Orchestra Makassy. WOMAD ilitoa santuri yake Nalilia Mwana mwaka 1988, ikamchukua katika ziara ya Ulaya, na mwaka 1989 akarekodi katika studio za Gabriel, Real World, katika kijiji cha Box, albamu iliyoitwa Songs for the Poor Man. Safari hiyo ilikuwa na mtangulizi wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri, kama alivyosimuliwa katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Miaka sitini na mmoja ilikuwa imepita, na bado msanii wa nchi hii aliyetaka santuri iliyotengenezwa vema alipaswa kuabiri.

Albamu ile haikutangazwa kuwa ya wazo moja. Ina nyimbo tisa, kila mmoja na jina lake, na hakuna Rael anayetoka wimbo huu kwenda ule. Lakini msikilizaji akikaa nayo kama anavyotakiwa kukaa na ile ya Genesis, atamtambua mtu mmoja ndani yake. Ni mnyonge, ambaye ametajwa wazi katika jina la albamu na katika wimbo Sauti ya Mnyonge. Mtu huyo huyo asikitika katika Nasikitika, apenda katika Kipenda Roho, na katika Muziki Asili Yake Wapi aulizia chimbuko la muziki, swali ambalo katika kinywa chake si la kitaaluma: ni dai la urithi. Remmy hahitaji nathari jaladani. Sauti yake ni kavu, yenye mikwaruzo, karibu na ya mtu anayezungumza kibarazani. Mara nyingi huacha kuimba akasema, na maneno yake hutangulia mbele ya pigo au hubaki nyuma yake kama mtu asiyetaka kuharakishwa. Chini ya sauti hiyo magitaa hufanya kazi iliyo kinyume chake, safi na ya furaha, kila moja likiwa na kijisehemu kidogo kisichokamilika bila jirani yake. Katika nyimbo tisa mgongano huo haupatanishwi. Ndio unaozishika pamoja, kama kina cha mwisho kinavyoushika utenzi.

Jambo jingine lilitokea Box ambalo Kimara haikulijua: chemko lilirekodiwa bila kukatwa, upande mmoja na ule uliotangulia, kwa vyombo vilivyoweza kulitenga kila gitaa. Msikilizaji wa mbali aliweza kusikia jinsi kisa kinavyoingia katika mchezo. Hasara nayo ilikuwako. Wachezaji hawakuwako. Machemko ya albamu hiyo hukoma pale mtayarishaji anapoona yametosha; ukumbini hukoma pale watu wanapochoka, na vipimo hivyo viwili havilingani kamwe. Tena wanunuzi wengi walikuwa watu wa Ulaya wasiojua Kiswahili, ambao kwao nusu ya kwanza ya wimbo ilikuwa kusubiri nusu ya pili. Wakaipenda albamu, wakaicheza, na mnyonge akapita katikati yao bila kutambuliwa.

Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Gurumo, aliyerudi katika bendi yake ya zamani, ile ya jumuiya ya wafanyakazi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alistaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. Kimara ikawa mwisho wa njia ya mabasi yaendayo haraka mwaka 2016. Mwaka uliofuata nyumba nyingi kando ya barabara zilivunjwa, toka hapo kuelekea Kibaha, ili njia ipanuliwe. Nyimbo za Ndekule zilizorekodiwa zingali zikisikika redioni, moja leo na nyingine wiki ijayo, kila moja peke yake. Zilivyofuatana usiku katika Safari Resort, ipi ilifungua, ipi iliwekwa baada ya saa sita ili iukumbushe ukumbi ile ya mwanzo, hayo hayamo katika wimbo wowote mmoja. Yamo vichwani mwa watu waliokuwako, wapigaji na wasikilizaji, ambao sasa ni wazee, na ambao baadhi yao wangali wakikaa Kimara, Mbezi na Temeke.